Mbona Hawa Wananing'inia?

Mwaka wa kwanza nilipopangiwa kufundisha baiolojia huku uwanda wa juu wa Makonde, nilifika na flashi yenye video arobaini na kitu za afya na magonjwa. Nilizipakua usiku kucha kwa intaneti ya chuo, nikajiona nimeshamaliza kazi ya miaka mitatu. Malaria ilikuwemo, kipindupindu, kifua kikuu, kichocho, UKIMWI. Zote zimechorwa kwa ustadi, zina muziki, na msimulizi anaongea Kiingereza cha Marekani kana kwamba anafukuzwa.

Siku umeme ulipokuwepo na projekta ya kuazima ikakubali kuwaka, nikaonyesha ya malaria. Kidato cha pili walitulia tuli. Ilipokwisha nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikarudia kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, turudishie pale chembe ya damu inapopasuka." Tukarudisha, wakashangilia, kengele ikalia.

Tangu hapo nimekaa kwenye semina kadhaa za walimu ambako wimbo ni huohuo: vishikwambi vikija na video zikiwepo, watoto wataelewa afya. Mimi sipingani na intaneti, naitumia kila wiki kwa bando langu mwenyewe. Ninachokataa ni kuifanya stoo ya masomo yaliyopikwa tayari, mwalimu abaki na kazi ya kupasha moto. Kwa uzoefu wangu, vile vitu vinavyoonekana kuwa somo kamili ndivyo vinavyofundisha kidogo. Vinavyofundisha ni vipande vikavu ambavyo mtu anayetafuta video havitazami mara mbili: picha moja isiyo na maelezo mengi, ramani, jedwali la namba. Nitaeleza nilivyofika huko, maana sikufika kwa akili zangu.

Huku juu maji ni shida ya kudumu. Mito iko mabondeni, kwa hiyo watu huvuna ya mvua na kuyatunza kwenye matangi, mapipa, ndoo na madumu. Siku moja msichana wa kidato cha pili alikuja na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, ndani yake maji kutoka tangi la shule na viluwiluwi kama kumi hivi. Akaiweka mezani kwangu, akafungua daftari lake kwenye mchoro niliowapa wiki iliyopita, wa kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, akiwa amelala sambamba na uso wa maji. Akaangalia chupa, akaangalia mchoro.

"Mwalimu, mbona hawa wananing'inia?"

Kweli walikuwa wananing'inia, vichwa chini, mikia juu. Nilijua jibu nilipokuwa chuoni, ila siku hiyo lilikuwa limekwenda. Nikamwambia tutaangalia kesho, kauli ambayo kila mwalimu anaijua maana yake.

Usiku nikaingia kwenye maktaba ya picha ya CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ambacho picha zake nyingi ni ruhusa kwa yeyote kuzitumia bure. Pale kuna viluwiluwi wa mbu wa kila aina, wamepigwa picha ubavuni. Anopheles hana mrija wa kupumulia mkiani, kwa hiyo hulazimika kulala bapa chini ya uso wa maji apate hewa. Aedes na Culex, mbu wa jamii nyingine, wana mrija, wanautoa juu na mwili unaning'inia. Wa Aedes ni mfupi mnene, wa Culex ni mrefu mwembamba. Asubuhi nikachapisha kurasa mbili za rangi steshenari, shilingi mia tano mia tano, nikaingia darasani na lenzi ya mkono iliyokuwepo moja na chupa ileile.

Kipindi kile hakikuwa na video wala projekta, na umeme ulikatika tangu saa mbili. Lakini sijawahi kuwaona watoto wakigombea karatasi namna ile. Waligawanyika: kuna waliosema mrija ni mfupi, kuna waliosema ni mrefu ila umekunjika. Tukafunika chupa kwa kipande cha chandarua tukasubiri. Siku chache baadaye mbu wakatoka, weusi, na miguu yenye madoa meupe. Ubishi ukaisha. Ni Aedes, yule anayeuma mchana, ambaye chandarua cha kitandani hakimhusu sana.

Likaja swali la pili, ambalo sikulitunga mimi: kama huyu haleti malaria, analeta nini?

Hapo ndipo intaneti iliponipa kitu ambacho kitabu cha shule hakikuwa nacho. Mwaka 1952 kulizuka homa hapa hapa, kwenye uwanda huu, wilaya ya Newala, enzi za Tanganyika. Mwaka 1955 madaktari wawili, Robinson na Lumsden, walichapisha taarifa zake na kuuita ugonjwa kwa jina walilolisikia kwa wenyeji: chikungunya. Kurasa nyingi zinaeleza kwamba neno hilo limetokana na kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, kukauka na kujikunja, kwa sababu mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo.

Nilisoma sentensi hiyo darasani nikiwa mzaliwa wa Tanga nisiyejua Kimakonde zaidi ya salamu. Darasa likalipuka. Wakanisahihisha matamshi, kisha wakaanza kusahihishana wenyewe, huyu akisema bibi yake halitamki hivyo, yule akisema huo ni usemi wa watu wa bondeni. Kijana mmoja akasimama akaigiza mzee anayetembea amejikunja, mkono kiunoni. Ugonjwa unaotajwa India, Brazili, Italia na kwingineko, na kila daktari anayeutamka anatamka neno la bibi zao.

Tazama sasa mtihani unavyotaka. Mwanafunzi huyu lazima aandike kwa Kiingereza, na maumivu ya viungo yana jina refu la Kigiriki ambalo atalikariri aliandike sawasawa bila kuwa na picha yoyote kichwani. Jina la ugonjwa lenyewe tayari ni dalili, kwa lugha ya kwao, na hakuna video hata moja kati ya zile arobaini iliyolitaja hilo. Na si Kimakonde peke yake. Neno dengue, kwa maelezo ya kamusi kadhaa, huenda limetokana na Kiswahili, kidinga popo au kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliandika kwamba wazee walimwambia homa hiyo waliiona pia miaka ya 1820 na waliijua kwa jina hilo. Watafiti wa baadaye wanashuku homa ile ilikuwa chikungunya hasa. Neno kidingapopo tunalo kwenye kamusi zetu, na bado matangazo yetu yanasema homa ya dengue. Haya, tuache hilo.

Baada ya jina tukaingia kwenye ramani. Nilibandika ramani ya Bahari ya Hindi ukutani, nikawapa tarehe tu, wao wachore mishale. Lamu, 2004: uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba watu watatu kati ya wanne kisiwani waliambukizwa. Komoro, 2005. Kisiwa cha Réunion, 2005 hadi 2006: zaidi ya watu laki mbili na nusu, kama theluthi ya wakazi wote. Halafu India. Wakauliza kwa nini Lamu, tena mwaka ule. Watafiti walieleza kwamba ulikuwa wakati wa ukame, watu wakawa wanaweka maji ndani muda mrefu bila kuyabadilisha. Sikuhitaji kuongeza neno. Vichwa viligeuka dirishani, kuliangalia tangi.

Kitu cha tatu kilikuwa jedwali, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kuna utafiti uliochapishwa 2013, unasomeka bure, kuhusu wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi miaka ya 2007 na 2008. Waliopewa jina la malaria na madaktari walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli kama chanzo cha homa: 14. Niliziandika namba hizo tatu ubaoni nikakaa. Walikokotoa asilimia wenyewe, wakadhani wamekosea, wakarudia. Miongoni mwa waliopimwa chikungunya, karibu wanane kati ya mia walikuwa nayo.

Kila mtoto pale darasani anamjua mtu aliyepimwa kwa kile kipimo cha haraka, kikatoka hakuna malaria, na nyumbani wakasema imejificha. Isipokuwa malaria basi ni taifodi, isipokuwa taifodi ni UTI. Hatuna shimo la nne la kutumbukizia homa. Sikuwaambia wawabishie madaktari. Niliwaambia kipimo kikisema hakuna, swali linalofuata ni "kuna nini?" Mmoja alileta ujumbe wa sauti kutoka kwenye simu ya mama yake, mtu anasifia majani ya mpapai kwa homa zote za mbu. Tukausikiliza wote kwa maswali matatu: nani anasema, lini, na amejuaje. Kwa lile la tatu ujumbe haukuwa na jibu. Tulichokubaliana kuandika daftarini ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani, kwamba homa ambayo bado haijathibitika si dengue isipewe aspirini wala dawa za jamii ile, kwa hofu ya kutoka damu.

Tarehe nazo zina somo lake. Nilikuwa nafundisha kwamba chikungunya haina chanjo. Novemba 2023 Marekani ikaidhinisha ya kwanza. Agosti 2025 mamlaka ileile ikasimamisha leseni ya chanjo hiyo kwa sababu za usalama. Ukurasa ulioandikwa mwanzo wa 2024 bado upo, unasomeka vizuri na unaaminika, na umepitwa.

Nisionekane kama nimeipatia intaneti kila mara. Kosa langu kubwa lilikuwa la picha, hizohizo ninazozisifu.

Tulikuwa kwenye magonjwa mengine yanayoenezwa na mbu, tukafika matende na mabusha, ambayo katika mikoa hii ya kusini si habari za mbali. Nikatafuta picha. Mtandao ukiuuliza matende hukupa mguu uliovimba kuliko yote duniani, mtu amesimama mbele ya shuka, wakati mwingine uso wake wazi kabisa. Nikachagua mmoja mkubwa ili waone vizuri. Wakacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko kile cha watoto wakiogopa. Msichana mmoja hakucheka, na siku tatu zilizofuata hakuja shule. Nilikuja kujua kwamba baba yake anaumwa.

Nilimwendea nikamwomba radhi, akasema "hamna shida, Mwalimu", kwa sauti ile ambayo unajua shida ipo. Siku hizi, kabla ya kuchapisha picha ya mgonjwa, najiuliza kama ningeweza kuibandika ukutani huku baba yake ameketi dawati la mbele. Kwa matende natumia mchoro wa mishipa ya limfu na picha ya minyoo wachanga kwenye tone la damu. Damu hiyo ilichukuliwa usiku kwa sababu minyoo wale huingia kwenye damu ya pembeni usiku, saa ambazo mbu wao huuma. Hilo peke yake linatosha kipindi kizima, na hakuna wa kumcheka.

Mwenzangu wa ofisini, mwalimu mzuri kuliko mimi kwa matokeo, huniambia napoteza vipindi. Mtihani wa taifa haujawahi kuuliza ndoo, anasema, na muhtasari wa somo haunisubiri. Ana haki kwa sehemu. Wiki mbili za viluwiluwi zilinifanya nikimbize mada ya mfumo wa uainishaji kwa siku nne, na sikuifundisha vizuri. Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo mtafutaji ni mimi, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Mwalimu mwenye madarasa sita na watoto wadogo nyumbani siwezi kumwambia afanye hivyo kila wiki. Ila vishikwambi vikija na video tu, tutarudi palepale kwenye kurudishiwa chembe ya damu inapopasuka. Ningeulizwa mimi, ningeomba printa ya rangi na lenzi za mkono ishirini.

Tangi la shule halikuwa na mfuniko. Tulipeleka ombi, tukajibiwa kwamba fedha itaangaliwa. Wanafunzi wakaleta chandarua chakavu, tukakifunga mdomoni mwa tangi kwa mpira wa baiskeli. Bado kipo. Kimeshatoboka upande wa mwembe, na kidato cha pili cha mwaka huu wameanza kupima tundu kwa rula, wanataka kujua kama mbu anapenya.