Suruali Yangu Haikufika Kwihara

Tulikubaliana kwamba ni matembezi ya starehe. Hakuna mashindano. Tunaondoka Tabora mjini asubuhi, tunakanyaga taratibu mpaka Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone, tunakula chini ya mwembe, tunarudi. Mwenye wazo alikuwa mwalimu wa historia, mtu ambaye hata chai hainywi bila kutaja mwaka.

Baiskeli niliazima kwa shemeji. Chuma kitupu, ya kizamani, kariya imebeba mkaa mpaka imepinda, na kava la cheni lilishaondoka kwenda kusikojulikana. Shemeji alinikabidhi akinikazia macho: "Usinichubulie rangi." Niliizunguka yote, hiyo rangi sikuiona.

Wenzangu walivaa kaptula. Mimi nilivaa suruali ya kitambaa, pana huku chini, maana nimeambiwa starehe na starehe ina mavazi yake.

Lami ilipotuaga ukaanza mchanga. Mchanga wa Tabora huuendeshi, unaubembeleza. Mzee mmoja mwenye ndoo mbili za asali kwenye kariya, na kuku wawili wananing'inia kwenye usukani, alitupita wote, akatupa "Mwangaluka!" bila kupunguza mwendo, akapotelea miomboni. Mwalimu akasema tusijali, yule kazoea.

Nikasema nimkimbize kidogo tu. Nikasimama juu ya pedeli. Mguu wa kulia ukashuka vizuri, ukagoma kupanda. Nikatazama chini: cheni imeuma upindo wa suruali, na kadiri ninavyokanyaga ndivyo inavyomeza. Nikaanguka polepole sana, nikapata hata muda wa kuchagua upande. Kuanguka mchangani hakuumizi, kunaaibisha tu.

Kitu kimoja kizima kwenye ile baiskeli kilikuwa kengele. Nikiwa chini nikaipiga kwa nguvu zangu zote. Wenzangu huko mbele wakaisikia, wakadhani naomba njia. Wakasogea pembeni wote, kwa adabu kabisa, wakapiga na zao, wakaendelea.

Nikainuka. Kutembea siwezi, kupanda siwezi. Nikawa naruka kwa mguu mmoja huku nimeikumbatia baiskeli ya shemeji, mpaka kwenye mwembe mmoja alipokuwa fundi baiskeli na mama anayeuza karanga za kuchemsha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefungwa?"

Fundi aliinua gurudumu la nyuma, akarudisha pedeli kinyumenyume. Kitambaa kikaingia zaidi. Akatafuta pini ya kuungia cheni aifungue. Pini yenyewe ilikuwa humohumo ndani ya suruali. Akakaa chini, akawasha sigara, akanitazama nilivyosimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mwanangu, hapa kuna njia mbili. Nikate cheni, au nikate suruali."

Nikamkumbuka shemeji. Nikasema kata suruali.

Kisu chake hakikuwa na haraka. Kilipofika gotini fundi akachoka, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta. Mshono ukafunguka kutoka goti mpaka kiunoni, upande mzima, na upepo wa Unyanyembe ukaingia bila hodi. Mama wa karanga hakucheka. Aligeukia mwembe, mabega yake yakawa yanacheka peke yake, kisha akanirushia kanga. "Jistiri, baba. Ukirudi utanipa."

Nikafika Kwihara nimejifunga kanga nyekundu. Wenzangu walikuwa wamekaa kivulini, nusu ya chakula kimekwisha. Mwalimu hakushtuka. Alinieleza kwamba Stanley alipoondoka hapa Machi 1872, Livingstone alibaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti, kwa hiyo mimi na hiyo kanga yangu tusijione tumechelewa.

Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi waliokuja kutembelea makumbusho. Walikuwa wamepangwa mstari mbele ya tembe, kimya, wanasikiliza maelezo. Nikapita mbele yao kwa heshima, nikawapa mgongo nisome kibao. Nyuma yangu sauti zao zikapanda kwa pamoja, kwa lafudhi ya darasani:

"MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA!"

Mwalimu wao akawapongeza kwa kusoma vizuri.

Tulipokuwa tunarudi nilisimama mwembeni kulipa na kurudisha kanga, baada ya kuazima kaptula kwa mwenzetu aliyekuwa nayo ya akiba. Fundi alikuwa na mteja mwingine, na mkononi ana kipande cha kitambaa ninachokifahamu, anafutia grisi kwenye cheni.

"Mzee, hiyo si suruali yangu?"

"Ilikuwa," akasema, akaendelea kufuta. "Kitambaa kizuri hiki. Mguu wa pili huutaki?"