Linux Ikikataa Kuwaka Kwenye Kompyuta Kuukuu: Kurekebisha au Kusakinisha Upya?

Tangu Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta mpakato nyingi ambazo bado ni imara, lakini hazifikii masharti ya Windows 11, zimekuwa zikihamishiwa kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure. Pamoja nazo limerudi lalamiko la zamani: usakinishaji umekwenda vizuri hadi mwisho, flashi iliyotumika kusakinishia imechomolewa, mashine imezimwa na kuwashwa tena, na kwenye kioo hakuna kitu isipokuwa mstari wa maandishi meupe unaosema kwamba hakuna diski ya kuwashia.

Hapo watu hugawanyika. Kundi la kwanza, ambalo mafundi wengi wa mitaani wamo, husema: rudisha flashi, futa kila kitu, sakinisha upya. Kundi la pili husema kwamba mara nyingi Linux iliyokataa kuwaka haijaharibika; iko palepale kwenye diski, nzima, ila mashine haijui ilipo, na kinachotakiwa ni kuionyesha mlango. Mimi niko na kundi la pili, lakini si kila siku, kwa sababu hoja za kundi la kwanza zina uzito wake.

Mashine iliyowekewa Linux saa moja iliyopita haina picha wala hati za mtu, kwa hiyo kuifuta hakupotezi kitu zaidi ya nusu saa. Kurekebisha, kwa upande wake, kunamtaka mtu awashe kwa flashi, aunganishe patisheni (vigawanyo) za diski, aingie ndani ya mfumo uliolala kwa amri ya chroot, kisha aiandike upya GRUB, ile programu ndogo inayopokea mashine kutoka kwa BIOS, yaani programu iliyomo ndani ya mashine inayoamka kwanza, na kuikabidhi kwa Linux. Anayenakili amri hizo kutoka intaneti bila kuzielewa anaweza kuandika /dev/sda, jina ambalo Linux huipa diski, akidhani ni diski ya ndani, kumbe siku hiyo sda ni flashi yenyewe. Matokeo yake ni kwamba diski inabaki na kosa lake, na flashi nayo haiwaki tena. Mtu wa namna hiyo, nakubali, ni afadhali asakinishe upya.

Tatizo ni kwamba kusakinisha upya bila kujua chanzo mara nyingi ni kulirudia kosa lilelile. Kompyuta zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2014 hivi zilizaliwa njia panda: nyingi zinaweza kuwaka kwa mtindo wa kale wa BIOS, unaosoma sekta ya kwanza ya diski yenye baiti 512, na pia kwa UEFI, mrithi wa BIOS, inayotafuta faili kwenye patisheni maalumu. Ukibonyeza F12 au F9, kutegemea mtengenezaji, menyu inayofunguka huenda ikaorodhesha flashi ileile mara mbili: mstari mmoja una neno UEFI, mwingine hauna. Mstari utakaouchagua ndio unaoamua Linux itawekwa kwa mtindo gani, na kwa kawaida kisakinishi hakitakuuliza tena. Ukichagua usio na UEFI ilhali diski ina jedwali la GPT (mtindo mpya wa kuorodhesha patisheni), GRUB itahitaji patisheni yake ndogo, ya megabaiti moja hivi, na isipoipata inakosa mahali pa kukaa. Atakayesakinisha mara kumi kwa mstari uleule atashindwa mara kumi. Kujua uko upande gani ni kazi ya sekunde chache: ukiwa ndani ya flashi, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na uandike ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Isipokuwepo, umewaka kwa mtindo wa kale.

Mwaka jana nililetewa mashine ya 2012, ya mtumba, ambayo fundi alikwisha kuiwekea Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, mara tatu, nayo ikakataa mara tatu. Mtindo ulikuwa sahihi, UEFI tupu. Amri ya efibootmgr ilionyesha jina la debian likiwa la kwanza kabisa kwenye orodha ya kuwashia, lakini mashine iliruka orodha hiyo kana kwamba haipo. Baadhi ya BIOS za miaka ile ziliandikwa kwa kuifikiria Windows peke yake, kiasi kwamba hazifuati orodha. Hutafuta faili ya Windows, au faili ya akiba iitwayo BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT, na zisipoipata hukata tamaa. Debian ilikuwa imejiweka kwenye folda yake, EFI/debian, kama inavyopaswa. Niliwasha flashi ileile ya fundi, nikaingia kwenye hali ya uokoaji, nikachagua GRUB iwekwe pia kwenye ile njia ya akiba. Haikuchukua dakika kumi. Usakinishaji wa nne ungefuata nyayo za mitatu iliyotangulia.

Hata hivyo, kuchokoa orodha ya UEFI si mchezo. Mapema mwaka 2013 baadhi ya kompyuta za Samsung zilikufa kabisa baada ya kuwashwa Linux kwa UEFI, na baadaye ikaonekana kwamba kuijaza kupita kiasi kumbukumbu inayotunza mipangilio hiyo kungeweza kuziua hata kutoka ndani ya Windows. Ndiyo maana napendelea kuweka faili ya akiba kuliko kuongeza na kufuta majina kwenye orodha mara kwa mara.

Kuna pia hali ambazo mabishano haya yote hayazihusu. Kama menyu ya GRUB inatokea, kisha kioo kinakuwa cheusi, GRUB imeshamaliza kazi yake na wa kushukiwa kwanza ni dereva wa kadi ya picha. Bonyeza e kwenye menyu, ongeza neno nomodeset, linaloizuia Linux kubadilisha hali ya kioo kwa dereva huyo, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, uone. Na kama saa ya mashine inarudi nyuma miaka kadhaa kila inapochomolewa umeme, betri ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, imekufa, na mipangilio ya BIOS uliyoibadilisha jana huenda haipo leo. Hapo hakuna amri wala usakinishaji utakaosaidia kabla ya kununua betri mpya, ambayo mara nyingi ni kile kidonge cha CR2032.

Kwa hiyo, nikikuta Linux imewekwa kwa mtindo mmoja na Windows iliyobaki kwenye diski ni ya mtindo mwingine, sihangaiki kuziunganisha. Nasakinisha upya, safari hii nikisoma vizuri mistari miwili ya flashi. Mitindo ikilingana na bado mashine haiwaki, narekebisha kwanza, hasa kama mwenye mashine anaishi kwa bando la simu na amekwisha kupakua masasisho ya gigabaiti nzima wakati wa usakinishaji, ambayo fundi atayafuta bila kumuuliza.