Hadithi ya Denge au ya Yasmin?

Wanafunzi wangu wa twisheni, kidato cha sita hapa Igoma, Mwanza, niliwaonyesha filamu ya Vuta N'kuvute kwa laptopu moja na spika ya kuazima. Riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, ambayo ndiyo chanzo cha filamu, wanaisomea mtihani. Filamu iliongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anatoroka, mwanamke aitwaye Mwajuma anampokea kwake mtaa wa Ng'ambo, kisha anapendana na Denge, mpigania uhuru.

Filamu ilipoisha niliuliza: hii hadithi ni ya nani? Wavulana karibu wote, Denge. Wasichana, Yasmin. Mmoja akaongeza, "Mwalimu, huyo Denge si tumemkuta njiani tu?"

Wapo watakaosema basi, jinsia ndiyo inayosoma. Wana hoja. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mhakiki wa filamu wa Uingereza, alieleza jinsi kamera ya Hollywood ilivyozoea kumtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume. Huku kwetu kuna jambo zito zaidi ya kamera. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa msichana wa Usukumani, Raza si mtu wa vitabuni. Pengine ameshawahi kusikia ng'ombe wa mahari wakijadiliwa uani naye yuko jikoni anageuza ugali. Wavulana walimwona Raza kichekesho, wakacheka kwelikweli.

Ila mmoja hakucheka. Ni kijana wa Ukerewe ambaye dada yake aliacha shule akaolewa. Insha yake ndiyo iliyomchambua Raza kwa ukali kuliko zote, za wasichana zikiwemo. Hapo nikaanza kusita.

Halafu kuna kibanda umiza, banda la video la mtaani. Wavulana hawa sinema wamejifunzia humo, kati ya mechi na mechi, na mtu akiingia kibandani cha kwanza anauliza stelingi ni nani. Denge anasakwa na polisi, anaficha karatasi za siri. Basi, stelingi kapatikana. Wasichana vibandani hawaingii sana, wao ni tamthilia za jioni sebuleni, ambako mwenye hadithi ni yule anayeonewa. Utasema mazoea hayo nayo yameletwa na jinsia. Sawa, lakini mazoea hubadilika.

Kilichonikera zaidi ni notsi zetu, tena nazitoa mimi mwenyewe. "Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe", halafu jina la Mwajuma kwenye mabano. Wavulana waliinakili kama ilivyo. Wasichana nao waliinakili, maana ina maksi, ingawa dakika kumi kabla walikuwa wakimsifu Mwajuma kwa kumpa Yasmin pa kulala wakati mjomba mtu kamfungia mlango. Hapo tofauti ya jinsia ilizimwa na mwongozo wa kusahihishia.

Na kuna mahali haikuonekana kabisa. Mapenzi ya binti wa Kihindi na kijana Mswahili yaliwashangaza wote sawasawa. Wanapita Makoroboi kila wiki kununua vitu kwa Wahindi, na hakuna aliyewahi kuwaza jambo kama hilo.

Kwa hiyo sikubali kuwagawa darasani, wasichana waulizwe Yasmin na wavulana waulizwe Denge, kama mwenzangu mmoja alivyopendekeza. Ukimuuliza binti "wewe kama mwanamke unaonaje?" umeshamtajia jibu. Wala sikubali kwamba jinsia haihusiki, maana swali lililotushinda siku ile lilitoka kwa msichana wa dawati la nyuma: "Kodi ya chumba cha Mwajuma analipa nani?" Filamu ilikuwa imeshazimwa. Tukafungua riwaya, wavulana kwa wasichana, tukaanza kupekua.