Bosi Asiye na Chenji

Mimi sina mfanyakazi hata mmoja. Nyumbani paka mwenyewe hanisikii, nikimwambia "toka hapo" ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Lakini nishuke tu Kariakoo, kabla sijavuka Mtaa wa Msimbazi nimeshaitwa bosi mara ishirini. "Bosi karibu! Bosi kiatu hiki! Bosi wangu, siku hizi umenitupa!" Niliyemtupa simjui wala simkumbuki.

Jana nimesimama kwa kijana wa maembe. Mama aliyenitangulia kauliza bei, kaambiwa, "Mia tano, mama." Nikauliza mimi, fungu lile lile, embe lina kidoa cheusi ubavuni na inzi juu yake. "Hilo buku tu, bosi wangu." Kumbe cheo chenyewe kinauzwa mia tano, embe ni nyongeza.

Nikafika nyumbani nimefura. Nikamwambia binti yangu, hebu chungulia kwenye simu, hili balaa limetoka wapi? Akasema, "Kwa Waholanzi, baba. Wao husema baas, yaani bwana." Waholanzi hao walikuwa na mji wao Marekani, New Amsterdam. Mwaka 1664 Waingereza wakauchukua, wakauita New York. Jina la mji lilifutwa, la bosi likabaki.

Sasa sikilizeni kituko. Wazungu vibarua wa Marekani hawakutaka kumwita mwajiri wao "master", maana ndivyo mtumwa alivyomwita aliyemmiliki. Wakaona bora "boss". Jamani! Mtu anagoma kusema bwana kwa Kiingereza, anasema bwana kwa Kiholanzi, kisha anarudi kazini kifua mbele!

Afrika Kusini hawakuwa na ujanja huo. Huko mtu mzima mweusi alitakiwa amwite baas hata kijana wa kizungu wa kuzaa mwenyewe. Hapo binti alisoma taratibu, na mimi sikuwa na la kuchekesha.

Tukahamia kwa Boss Tweed, mwanasiasa wa New York, jina kamili William Tweed. Huyo alizitafuna pesa za jiji mpaka akafia jela mwaka 1878. Nikasema afadhali yeye, aliitwa bosi na akala. Mimi nimeitwa bosi, embe lenyewe kulimenya ndani mna funza.

Kumbe kuna na "boss" nyingine, herufi zile zile ila ukoo mbali. Hiyo imetokea Kifaransa cha kale, maana yake uvimbe, nundu. Ndiyo ile nundu ya chuma katikati ya ngao, inayopokea mapigo yote ya vita. Mke wangu alikuwa jikoni anakuna nazi, nikajua hasikii. Mbuzi ikanyamaza ghafla. "Hiyo ya pili ndiyo yako," akasema, akaendelea kukuna.

Leo nikaamua kumuwahi yule kijana. Nimevaa kandambili, shati la kushindia, mfukoni noti moja ya buku nimeikunja mara nne isije ikaonekana. Sijamkaribia nikapaza sauti, "Bosi! Bosi wangu! Embe hilo bei gani?"

Kijana akatabasamu meno yote nje, akalifuta embe kwa tishati lake.

"Buku jero tu, tajiri."