Asilimia moja inayopita

Kiwanda kikitangaza kwamba mtambo wake wa umeme tuli unanasa asilimia 99 ya vumbi lililomo kwenye moshi wake, wengi huridhika. Mimi huuliza kwanza ile asilimia 1 iliyopita ni vumbi la namna gani.

Mtambo wenyewe nauheshimu sana. Nyaya zilizoning'inizwa kati ya mabamba ya chuma hupewa umeme wa makumi ya maelfu ya volti. Hewa inayozizunguka hupata chaji, chembe za vumbi huipokea, kisha huvutwa hadi kwenye bamba na kuganda hapo mpaka nyundo zigonge bamba na kuliporomosha vumbi. Kwa kuwa gesi ya moshi hailazimiki kupenya kitambaa, kama inavyofanya kwenye mifuko ya kuchujia, feni hutumia nguvu kidogo, na joto la nyuzi 300 ambalo lingeunguza mifuko hiyo mingi haliudhuru mtambo. Mwanafizikia Mwingereza Oliver Lodge na wenzake walilijaribu wazo hili mwaka 1885 kwenye kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi huko Wales, wakakwama kwa sababu mashine yao ya umeme ilikuwa dhaifu. Mkemia Frederick Cottrell wa California ndiye aliyefanikiwa, akapata hataza mwaka 1908.

Tatizo ni kwamba ile asilimia 99 hupimwa kwa uzito. Chembe moja ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ina uzito sawa na chembe elfu moja za mikroni 1, kwa hiyo ukinasa zile kubwa tu, hesabu tayari inapendeza. Zinazoponyoka zaidi ni zile za kati ya mikroni 0.1 na 1, nazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kupanua mabamba kunasaidia, lakini kwa gharama: kwa hesabu ya mtafiti Deutsch ya mwaka 1922, eneo linalonasa asilimia 90 lazima liongezwe mara mbili kufikia 99, na mara tatu kufikia 99.9. Gesi kama salfa dioksidi hupita hata hivyo. Hizo zina mitambo yake.

Tena mtambo huu huchagua vumbi. Makaa ya mawe yenye salfa kidogo, yanayosifiwa kwa kupunguza gesi hiyohiyo, hutoa jivu lisilopitisha umeme vizuri, na unasaji hushuka. Hapo mifuko ya kitambaa hushinda, maana haijali jivu linapitisha umeme au la, ingawa huchakaa na hubadilishwa.

Linalonisumbua zaidi liko kwenye matanuri ya saruji. Kaboni monoksidi, gesi inayoweza kuwaka, ikizidi, umeme hukatwa ili cheche isilete mlipuko. Uamuzi huo ni sahihi, kwani kuna watu pale. Lakini kwa dakika hizo vumbi hutoka karibu lote, na wastani wa siku nzima unaweza kulificha. Tanuri ambalo moto wake haujatulia, mimi ningelifungia mifuko. Lililotulia, mtambo wa umeme unafaa, mradi dakika za kukatika zihesabiwe na zitangazwe peke yake.