Kindi wa Sierra Blanca amengojeshwa mno

Kusini mwa jimbo la New Mexico, Marekani, yupo kindi mdogo mwenye milia mgongoni, aitwaye kindi wa Peñasco, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Zamani aliishi katika safu mbili za milima, Sacramento na White Mountains. Huko Sacramento hakuna aliyethibitisha kumwona tangu 1966. Amebaki White Mountains tu, kwenye nyasi za juu karibu na kilele cha Sierra Blanca.

Kilichomharibia Sacramento kinajulikana. Misonobari mikubwa ilikatwa, mifugo ikamaliza nyasi alizotegemea kwa mbegu na maficho, na mioto midogo iliyokuwa ikiupunguza msitu ikazimwa kwa miongo mingi, hadi miti michanga ikasongamana. Msitu wa namna hiyo ukishika moto hauzimiki kirahisi. Mwaka 2012 radi iliwasha moto wa Little Bear katika White Mountains, na zaidi ya ekari 44,000 zikaungua. Na sasa kuna ongezeko la joto: miti inapanda mlima na kuzivamia nyasi za juu. Sierra Blanca ina mita 3,652. Kindi huyu hana mlima mrefu zaidi wa kukimbilia.

Kinachoniuma ni ucheleweshaji. Jimbo lilimweka kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1983. Ombi la kumlinda kwa sheria ya shirikisho lilipelekwa 2011, na ulinzi ukapatikana Desemba 2024. Miaka 13! Moto wa Little Bear uliwaka faili likiwa bado mezani.

Wapo wanaosema jamaa zake wamejaa Amerika, basi huyu mmoja wa nini. Sisi Watanzania hatuna haki ya kusema hivyo. Chura wetu wa Kihansi aliishi penye manyunyu ya maporomoko tu, akatoweka porini baada ya mradi wa umeme kuyapunguza maji. Aliyeokoa kizazi chake ni bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huko huko Marekani, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa Kihansi. Iliwezekana kwa sababu vyura walichukuliwa wakiwa bado wapo.

Kwa hiyo karatasi ya Desemba hainitoshi. Mifugo izuiliwe isifike kwenye nyasi za juu, miti michanga ipunguzwe huku chini kabla ya moto mwingine, na ujenzi wowote mpya kwenye miteremko ya Sierra Blanca wanakoteleza watu kwa mchezo wa theluji upimwe kwanza kwa usalama wa kindi huyu.