Mwanamke ana simu, hati ya nyumba anayo nani?

Wanaopinga mikopo na nafasi za kutengewa wanawake wana hoja, na hoja yao si ya kubeza. Wanasema teknolojia imeshafanya kazi iliyozishinda semina na maazimio. Mwanamke mwenye kitochi na laini iliyosajiliwa kwa jina lake anapokea malipo, anaweka akiba na kumlipa mwenye mzigo bila kumwomba mtu ruhusa. Mwacheni ashindane, wanasema. Ukimbeba leo, kesho hatatembea.

Ushahidi wanao. Desemba 2016, watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kufuatilia M-Pesa nchini Kenya. Walikadiria kwamba huduma hiyo, iliyoanza Machi 2007, iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 kuifanya biashara kuwa kazi yao kuu.

Namba hiyo nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia naona inasema mambo mawili. La kwanza, akili ya biashara wanawake hawa walikuwa nayo siku zote. Walichokosa ni mahali pa kuweka pesa pasipofikiwa na mkono wa mtu mwingine. Pesa iliyofungwa kwenye pindo la kanga, nyumba nzima inajua ilipo, na mwenye shida ya kwanza ndiye atakayeimaliza. Iliyo kwenye simu ina namba ya siri. La pili husahaulika: walihamia wapi? Gengeni, kwenye duka dogo, kwenye biashara ya rejareja. Ni hatua kubwa na siipunguzi. Ila genge si kiwanda wala kampuni ya programu, sembuse bodi ya benki. Simu imemfikisha mwanamke kwenye meza ya kuuzia. Kutoka kwenye meza hiyo hadi kampuni yenye waajiriwa 20 unatakiwa mkopo wa maana, na mkopo wa maana unadai dhamana.

Hapo ndipo "mwacheni ashindane" inapokwama. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Sasa fungua kabati la familia, toa hati, soma jina. Mara nyingi ni la baba, la mume, au la marehemu ambaye mirathi yake haijafungwa hadi leo. Mama anayezungusha mzigo wa Kariakoo kila wiki anafika mbele ya afisa mikopo akiwa kama mtu asiye na kitu. Akitoka hapo anaangukia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, na faida yake yote inaishia kwenye marejesho. Hayo si mashindano.

Ukweli usemwe pia kwamba njia ya kutenga imejikwaa. Benki ya Wanawake, iliyofunguliwa 2009, iliunganishwa na benki ya TPB mwaka 2018. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake hupata 4, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024. Fedha za umma zina uchungu, na anayezihoji ana haki. Lakini kikundi hewa kinawezaje kuwa ushahidi dhidi ya wanawake? Ndani yake hawamo. Kuna jina, muhuri, na mtu aliyesaini.

Kikundi halisi cha kuweka akiba na kukopeshana nendeni mkakione. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku nyumbani. Hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, mwenye daftari anaandika, aliyechelewa anatoa faini kabla hajakaa. Mama aliyekuwa mweka hazina hapo kwa miaka mitano bila shilingi kupotea amesimamia ukopeshaji, madeni na ugomvi wa wanachama. Ukimwambia apeleke wasifu wake benki, hana cha kuandika.

Mwaka 2022 benki ya NMB, chini ya mkurugenzi wake mtendaji Ruth Zaipuna, iliuza hatifungani ya Jasiri, yaani ilikopa kwa wawekezaji, ili kukopesha biashara za wanawake na zinazowagusa wanawake. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 25. Zikaja bilioni 74.3. Wapenda soko huru wataidai kama ushindi wao, na kwa sehemu ni wao, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kununua. Ila soko halikuanza lenyewe. Kuna watu walikaa kwenye viti vya uamuzi wakasema fungu hili liwe na mwenyewe. Ndiyo maana naona suala la viti vya juu haliachani na la mtaji wa huku chini.

Daftari la hisa linaweza kuhamia kwenye simu, kila marejesho yakabaki na tarehe na kiasi, likasomwa kama benki inavyosoma taarifa za akaunti. Ningetamani afisa mikopo aanzie hapo, apitie kurasa za miaka mitano, ndipo aulize hati ina jina la nani.